Barua ya wazi kwa wanaosimamia bahari ya Mombasa: ulinzi mmetuachia, mamlaka mmebaki nayo

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi na uchumi wa buluu. Kwa Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti. Na kwa wakuu wa kila taasisi yenye ofisi hapa mjini na yenye neno bahari, samaki au wanyamapori kwenye kibao cha mlangoni.

Waheshimiwa, assalaam aleikum, na heshima zenu.

Nawaandikia kama mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza, na pia kama mshika daftari wa diko letu, yaani ufuo wanapotia wavuvi samaki wao, kaskazini mwa kisiwa, baina ya Nyali na Shanzu. Katika daftari hilo huandikwa chombo kilichorudi, mtego uliotumika, aina za samaki na kilo zao. Kila mwisho wa mwezi kurasa hupigwa picha kwa simu na kupelekwa kwa afisa. Tumefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Haijatokea siku mtu akarudi diko akatukalisha chini akasema: jamani, hesabu zenu zimeonyesha hivi, tafi wanakwenda hivi, changu wanakwenda vile, mwaka huu tufanye hivi. Mara nyingine huona picha za diko letu kwenye ripoti za watu wa warsha. Hesabu zenyewe hatuzioni.

Niseme mapema ninachokuja kuomba, ili mwenye haraka asichoke njiani. Tunataka eneo letu la uvuvi litambuliwe rasmi kuwa eneo la usimamizi wa pamoja baina yetu na serikali: mpaka uchorwe, mpango utiwe saini na uchapishwe kwenye gazeti rasmi la serikali, na sheria ndogo tulizojitungia ziwe na meno. Yote yanayofuata ni kueleza kwa nini.

Sheria hazijakosekana. Kanuni za mwaka 2007 ndizo zilizozipa BMU zetu, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo, umbo: mkutano mkuu wa wanachama, kamati ya kuchaguliwa, haki ya kuandaa mpango wa kusimamia uvuvi na kutunga sheria ndogo. Ikaja Katiba ya 2010, na Jedwali la Nne likagawa kazi: uvuvi ukaenda kaunti, lakini ulinzi wa mazingira na maliasili, uvuvi ukitajwa humo kwa jina, ukabaki kwa serikali kuu. Ikaja Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, nayo ikatutaja. Mwaka 2018 kikazinduliwa kikosi cha walinzi wa pwani, hapa hapa Liwatoni. Juu ya hayo Kifungu cha 69 cha Katiba kinaiamuru Serikali ihimize wananchi kushiriki katika kusimamia na kulinda mazingira. Kwa karatasi, basi, bahari hii ina wenyewe wengi.

Sasa njooni alfajiri. Juya, ile nyavu ndefu ya kukokota mpaka ufuoni, linashushwa kabla jua halijachomoza. Wa kwanza kuliona ni mwenye malema, mitego ya fito ya samaki, anayewahi maji kupwa. Anampigia simu mwenyekiti wa BMU. Mwenyekiti anapiga ofisi ya kwanza, anaambiwa hilo si la huku, apige kule. Kule anaambiwa boti ipo, mafuta hakuna. Ofisi ya tatu inamuuliza hapo ni ndani ya mpaka wa mbuga ya bahari au nje yake, na akisema nje, simu inakatwa kwa adabu. Sisi wenyewe tunaweza kusimama ufuoni tukapiga kelele. Hatuwezi kumkamata mtu, hatuwezi kuzuia nyavu, na kijana akiamua kutujibu kwa matusi hatuna la kumfanya. Ikifika saa mbili asubuhi juya limekwisha kukokotwa mara kadhaa na samaki wako kwenye ndoo.

Nendeni mkatazame ndani ya ndoo hizo. Tafi wa urefu wa kidole. Vipono visivyopata hata nyama ya kumwonyesha mlaji. Ngisi wachanga wanaong'aa kama plastiki, na majani ya bahari yaliyong'olewa na mizizi yake, ambayo ndiyo malezi ya hao tafi. Samaki wa namna hii hawapimwi kwa mizani, huuzwa kwa fungu. Wanunuzi ni sisi wakaangaji, kwa sababu fungu ni rahisi na mteja wa vibarua na wa shule hana pesa ya kipande kikubwa. Nasema hivi ili mjue kwamba anayezungumza nanyi haongei kutoka kwenye kiyoyozi: karai langu ni sehemu ya soko hilo, na nikikosa samaki wa kimo halali nitaulizwa nyumbani watoto wale nini.

Juya na bunduki ya kuchomea samaki vilipigwa marufuku kwa tangazo la serikali mwaka 2001. Ni zaidi ya miaka 20. Wataalamu waliofuatilia madiko ya Pwani kwa muda mrefu wameonyesha kwamba penye juya lililoondolewa, mvuvi mmoja mmoja huenda nyumbani na kilo zaidi na pesa zaidi kuliko mwenzake wa penye juya. Hakuna anayebisha hilo diko kwetu, hata wanaokokota. Tatizo liko kwenye namna marufuku hiyo inavyotekelezwa. Juya ni mali: ni nyavu ndefu, kamba, chombo, na kundi la watu wa kuvuta. Vijana wanaovuta hawamiliki hata mshipi. Mwenye juya ni tajiri anayekaa mbali na maji, anayewakopesha pesa ya kula wakati wa kusi, bahari ikichafuka, na kuikata kwenye mgao wao kaskazi ikiingia na bahari kutulia. Ikifanyika operesheni, anayepandishwa kortini Shanzu ni kijana mwenye kaptura iliyolowa. Tajiri ananunua juya jingine. Waheshimiwa, tukisema BMU ipewe meno, meno hayo yaelekee kwa mwenye mali. Na huyo kijana apewe njia ya kuingia kwenye uvuvi halali, kwa mkopo wa mshipi, malema au nafasi kwenye boti ya fiba ya kwenda nje ya mwamba, kabla hamjamchomea kilichokuwa kikimlisha.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye malema, kwa sababu ndipo hoja yangu ilipo.

Lema la kawaida hushika kila kilichoingia. Samaki akipita ile shingo ya mlango hatoki tena, awe mzazi au mtoto. Miaka ya karibuni limekuja lema lenye uwazi pembeni: ufa mwembamba uliosimama wima, wa sentimita 3 au 4, uliowekewa fremu usije ukapanuka. Nimesimama kando ya fundi wetu wa malema akiupima kwa vidole viwili vilivyobanwa pamoja, hana rula. Samaki mdogo, na wale wembamba wa mapambo ambao hakuna anayewala, hujipenyeza wakatoka. Tafi aliyenenepa hubaki. Majaribio yamefanyika hapa hapa kwenye pwani ya Kenya, taasisi ya utafiti wa bahari yenye makao yake Mkomani ikiwemo, na matokeo yake ni mazuri: samaki wachanga wanapungua kapuni, kimo cha wanaobaki kinapanda, na mapato ya mvuvi hayaanguki. Mimi kama mkaangaji naongeza la kwangu: samaki mmoja wa kimo kizuri anakula mafuta machache kuliko vidogo vinne, na mteja hanisumbui kwa miiba.

Kwa nini basi malema hayo hayajaenea? Wengine watawaambia wavuvi hawataki mabadiliko. Si kweli. Mwenye lema la uwazi anamwachia samaki mchanga leo ili amvue kesho akiwa amekua. Samaki yule anaogelea hatua chache anaingia kwenye lema la jirani lisilo na uwazi, au kwenye juya la alfajiri. Jirani anacheka. Mwezi wa pili, aliyeachia anaziba uwazi wake kwa kamba, na nani wa kumlaumu? Kanuni ya namna hii haiwezi kufuatwa na mtu mmoja mmoja kwa hiari. Ni lazima iwafunge wote wanaovua eneo lile, na ili iwafunge wote lazima eneo liwe na mpaka unaojulikana, na kanuni iwe na mtu wa kuisimamia anayeungwa mkono na sheria. Mradi uliogawa malema bila kugusa hilo uligawa fito tu.

Sisi si wageni wa kufungiwa bahari. Mbuga ya Kitaifa ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986, kilomita 10 za mraba zisizovuliwa kabisa, na kuizunguka ikawekwa hifadhi ya kilomita 200 za mraba ambamo mitego ya asili inaruhusiwa. Wazee waliopoteza miamba yao pale walikasirika na baadhi yao hawajasamehe mpaka leo. Hawakuulizwa, au waliulizwa baada ya ramani kuchorwa. Lakini huyo huyo mzee aliyekasirika, mtazame anapotega: anatandaza malema yake sambamba na mpaka wa mbuga, karibu iwezekanavyo, kwa sababu anajua samaki wakijaa ndani humwagika nje. Watafiti wamelipima hilo na wamelikuta. Ndani ya mbuga utamwona kikande, yule samaki wa ngozi ngumu ambaye sisi humchuna kabla ya kumkaanga, akivunjavunja vile viumbe vyeusi vya miiba vinavyochoma miguu. Nje ya mbuga kikande amevuliwa mpaka amekuwa adimu, na hao wa miiba wamezidi, wanaguguna mwamba usiku na mchana. Mwamba uliokwisha kupigwa na joto la mwaka 1998, wakati matumbawe ya pwani yetu yalipogeuka meupe na mengi kufa, hauhitaji adui mwingine.

Kwa hiyo kufunga sehemu ya bahari kunafaa. Swali ni nani anafunga, na nani anafaidi. Ada za wageni wanaoingia mbuga hii zinakusanywa mbele ya macho yetu, boti za vioo zinapita juu ya malema yetu zikielekea huko. Madiko yanayopakana na mbuga yanastahili fungu la ada hizo, lililotajwa kwa asilimia, lililobandikwa ukutani. Tumewahi kuahidiwa mambo kwa mdomo. Tumeshiba.

Tazameni majirani zetu wa kulia na kushoto. Mwaka 2005 wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, waliamua wenyewe kutenga hekta 30 hivi za bahari yao ya ndani ya mwamba zisivuliwe, wakaita tengefu. Kusini, Gazi katika Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko yao na tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa humo, na pesa zimekwenda kwenye maji ya kunywa na shule. Mwaka 2017 wote wawili walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mombasa tuko katikati yao. Wajumbe wetu wamepelekwa ziara huko mara nyingi kiasi kwamba wanajua majina ya watoto wa wenyeji. Ziara zatosha.

Nakubali kwamba Mombasa si Kuruwitu. Hapa ufuo mmoja una wavuvi, wenye boti za watalii, vijana wa ngamia, waogeleaji wa Desemba pale ufuo wa Jomo Kenyatta ambapo mtu hawezi kutupa jiwe bila kumpiga mwenziwe, hoteli, makanisa yanayobatiza na watu wa harusi wanaopiga picha. Mpango wa usimamizi wa pamoja wa Mombasa itabidi uwakalishe hao wote, na vikao vitakuwa virefu. Hilo halitutishi. Sisi wa mjini tumezoea vikao.

Lipo suala la wanawake, ambalo katika hotuba huja mwishoni kabisa, baada ya vijana na kabla ya vinywaji. Wakati wa bamvua maji yakikimbia, wanaotoka kwenda mwambani kwa miguu kutafuta pweza wengi wao ni akina mama, na pesa ya pweza ni pesa ya mama mwenyewe. Pweza hukua upesi sana. Miezi michache tu inatosha kumbadilisha kutoka wa kitoweo cha mtu mmoja kuwa wa kuuza hotelini. Kusini-magharibi mwa Madagaska, wavuvi walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa na kuifungua kwa pamoja, na mbinu hiyo imeenea mpaka visiwa na pwani za jirani. Akina mama wa diko letu wako tayari kujaribu: kufunga kipande kimoja wakati wa kusi na kukifungua kaskazi. Wamekwisha hata kukubaliana ni kipande kipi. Kinachowazuia ni swali moja ambalo sina jibu lake: atakapokuja mtu wa kutoka diko jingine usiku na tochi na chuma chake akaokota pweza wote tuliowalea, tutamshitaki kwa sheria gani? Makubaliano yetu hayamfungi asiyekuwepo kwenye kikao.

Hilo linanipeleka kwenye dago, kambi za wavuvi wageni. Tangu zamani wageni wa kutoka Pemba, Vanga na kwingineko huja na kaskazi, wakapiga kambi, wakavua, wakarudi. Hatuna ugomvi na dago. Wengine ni wajomba zetu kwa damu, na wengi wetu tumejifunza kazi kwao. Mila ilikuwa mgeni anaanza kwa wazee: anajitambulisha, anaelezwa miamba gani isiguswe, anatoa cha sadaka, kisha anatia nyavu. Siku hizi mgeni anaanza ofisini mjini, anapata karatasi, anafika diko nayo mkononi, na nyavu yake ya kuzungushia imekwisha kupakiwa chomboni. Ukimuuliza anakuonyesha muhuri. Tunachoomba ni kitu kidogo mno: kibali chochote cha kuvua katika eneo letu kisitolewe bila barua ya BMU ya eneo hilo. Gharama yake ni karatasi moja.

Na hilo diko lenyewe, Waheshimiwa, linakaa juu ya ardhi ya nani? Tembeeni ufuoni kutoka Nyali mpaka Shanzu mkahesabu kuta. Njia tulizopita na mama zetu tukibeba mabeseni kichwani zimekuwa mageti yenye mlinzi anayekuuliza unakwenda wapi. Panapobaki upenyo, ni upana wa mkokoteni, na mvua ikinyesha ni mfereji. Kuna madiko katika kaunti hii ambayo hayana hati, na siku mwenye hati atakapojitokeza na tingatinga, BMU yenye mpango mzuri na sheria ndogo nzuri itakuwa haina mahali pa kuvutia mtumbwi. Kila diko lipimwe, lipate hati kama mali ya umma kwa matumizi ya wavuvi, pamoja na njia yake ya kufikia barabara. Njia isisahauliwe. Diko bila njia ni ufuo tu.

Nisije nikaonekana nawasemea wa ufuo wa wazi peke yao. Wenzetu wa ndani, Tudor, Mikindani, Jomvu, Mkupe, Mtongwe, wana mzigo wa namna nyingine. Wanavua kamba, kaa na samaki wa mikokoni katika maji yanayopokea maji taka ya mji huu moja kwa moja. Wakivua kidogo wanaambiwa wamevua kupita kiasi. Nani atapima ni samaki wangapi wameuawa na wavuvi na wangapi wameuawa na mabomba? Lipo jambo moja jema la kutaja: tangu daraja la Makupa lilipochukua nafasi ya lile tuta mwaka 2022, maji yanapita tena baina ya Tudor na Port Reitz baada ya miongo mingi ya kuzibwa. Serikali ikitaka, inaweza. Basi iyafuate na mabomba.

Na kuhusu bandari na eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu, someni hukumu ya Mahakama Kuu ya Malindi ya mwaka 2018, iliyoagiza wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari yao. Fidia ile ilikuja baada ya kesi ya miaka. Ni rahisi zaidi kukaa na wavuvi kabla ya mashine ya kuchimbua tope kushushwa majini, na mkiwa na eneo lililotambuliwa na daftari linaloonyesha nani huvua wapi, hata hesabu ya fidia haiwi ya kubahatisha.

Sasa pesa. Mvuvi analipa leseni yake, analipia chombo, anayesafirisha samaki analipia kibali, mchuuzi analipa ada ya soko. Nani amewahi kutuambia kiasi gani kimekusanywa kutoka diko letu kwa mwaka, na kiasi gani kimerudi? Mafuta ya doria tunachangishana. Kalamu ya daftari nanunua mwenyewe, na si lawama, ni bei ya kalamu. Lakini kuna chumba cha barafu kilichojengwa na mradi mmoja mkubwa, kikafunguliwa kwa utepe na ngoma, na mpaka naandika barua hii hakijawahi kugandisha hata jagi la maji kwa sababu bili ya stima haikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Popo wamehamia. Kama mngetuuliza tungewaambia: tuleteeni masanduku ya barafu ya kawaida na mashine ndogo ambayo diko linaweza kuilipia, ili samaki wa jioni asiuzwe bei ya kutupa kwa tajiri wa pikipiki anayejua hatuna pa kumlaza.

Mkitugawia fungu la mapato, mtuwekee na masharti, tena makali. Ziko BMU ambazo uchaguzi wake umekuwa hadithi, mwenyekiti ni yule yule, muhuri unalala chini ya mto wake, na mkutano mkuu huitishwa mgeni wa mradi anapokuja. Maofisa wanalijua hilo na linawafaa, maana ni rahisi kumpigia simu mtu mmoja kuliko kusikiliza watu mia. Hesabu zisomwe mbele ya wanachama kila mwaka, kwa Kiswahili. Uchaguzi ukipita muda wake, fungu lisimamishwe. Na kwenye kamati akina mama wasiwe wa kupika chai: anayenunua samaki na anayetembea mwambani wana la kusema juu ya kimo cha samaki na miezi ya kufunga kuliko hata wenye vyombo wengine.

Kuna sababu ya kuandika sasa. Desemba 2022 mataifa yalikubaliana kule Montreal kwamba ifikapo 2030 asilimia 30 ya nchi kavu na bahari iwe chini ya ulinzi. Kenya imo. Miaka iliyobaki ni michache, na sisi tunajua nini hutokea ofisi inapokuwa na lengo na muda mchache: inachukua ramani na rula. Tunawaomba, kabla hamjachora mstari mpya katika maji ya Mombasa, mhesabu kwanza maeneo ambayo madiko yenyewe yako tayari kuyatenga. Tuko tayari kutaja yetu kwa majina ya miamba yake. Mengine yatapatikana kwa kuongea. Mkitufungia kama mwaka 1986, mtapata ramani nzuri na mlinzi mmoja anayekimbizana na vijana usiku.

Tumeandika rasimu ya mpango wa eneo letu, yenye mpaka, mitego inayoruhusiwa, kimo cha uwazi wa lema, miezi ya kufunga pweza na faini. Imekaa kwenye meza ya ofisi kwa muda sasa, na kila tukiuliza tunaambiwa inasubiri mwanasheria. Tunaomba mambo mawili kwa tarehe: mwanasheria huyo atajwe na apewe siku ya kumaliza, na kikao cha pamoja cha kaunti, serikali kuu na wa mbuga kifanyike diko, na kisiwe hotelini. Kikao kiwe siku ya maji mafu, yasiyopwa mbali. Mkija siku za bamvua hamtatukuta, sote tutakuwa mwambani. Njooni asubuhi kabla ya mnada, na mje na aliye na ruhusa ya kutia saini. Viti vya plastiki tutaazima msikitini, samaki nitakaanga mwenyewe.

Wenu katika kazi,
Mama karanga na mshika daftari,
kwa niaba ya wanachama wa diko, Mombasa Kaskazini